Rafiki yangu hana mazungumzo mengine ila ya mwanaume wake, na mimi nimemficha wangu

Shikamoo Anti,

Nina rafiki niliyemzoea kuliko hata ndugu zangu wa damu. Tulianza urafiki tukiwa wasichana wa shule, tukapitia pamoja mitihani, misiba, kazi za kwanza na kuachwa kwa mara ya kwanza. Hakuna anayenijua kama yeye, au angalau ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Tangu alipojiunga na zile programu za simu za kutafuta wachumba, urafiki wetu umegeuka. Mwanzoni ilikuwa raha. Tulikuwa tunakaa pamoja tunapitisha picha za wanaume, huyu tunacheka miwani yake, yule tunasema ana macho ya upole. Nilimsaidia kuchagua picha zake, na hata yale maneno ya kujieleza niliyaandika mimi, kwa sababu siku zote husema yeye hana maneno na mimi ninayo.

Kisha akampata huyu. Sasa inakaribia mwaka, na bado sijui nimwite mpenzi wake au nani, maana mwanaume mwenyewe hataki waitane chochote. Akiulizwa anasema, "Twende taratibu, tusiharibu kitu kizuri kwa majina." Wiki hii yuko hewani asubuhi mpaka usiku, wiki ijayo anasoma meseji na hajibu. Anapotea, anarudi na "nimekumisi sana", na rafiki yangu anampokea.

Kazi yangu mimi ni kusoma. Kila meseji ikiingia, skrinshoti inakuja kwangu. "Shoga, hapa anamaanisha nini?" "Mbona leo hajaweka moyo kama jana?" "Amesoma saa tatu, saa nne alikuwa mtandaoni, hajanijibu. Ana mtu?" Niwe kazini, niwe nimelala, zinakuja tu. Na majibu mengi anayomtumia huyo mwanaume nimeyaandika mimi. Ananiambia "nitungie", namtungia, ananakili, anatuma. Jibu likirudi tunalichambua tena. Wakiwa na amani simsikii kabisa. Simu yangu ikianza kulia mfululizo ndipo najua wamevurugana.

Juzi nilichoka. Nikamwambia huyu mtu hakutaki, angekuwa anakutaka usingehitaji mtu wa kukufafanulia. Alikaa kimya, kisha akaandika: "Wewe unanionea wivu kwa sababu huna mtu."

Hapo ndipo ninapokuandikia, Anti, kwa sababu ninaye. Nina miezi kadhaa na mwanaume ambaye dada yangu anamjua na wenzangu kazini wanamjua. Ni rafiki yangu peke yake ambaye hajui. Sikupanga kumficha. Mara ya kwanza nilipotaka kumwambia alikuwa analia, nikaona si wakati wake. Mara nyingine nilianza, akanikatiza kwa skrinshoti. Baadaye ikawa aibu: nitamwambiaje nina furaha wakati yeye ana kilio? Na kusema kweli sina hata cha kusimulia. Tunakutana, tunaongea, akisema atapiga anapiga.

Nifanyeje? Niuache urafiki ufe wenyewe? Nikimwambia sasa kuhusu mtu wangu, si ataona namkomoa? Na nikikataa kusoma hizo meseji, sitakuwa nimemtupa wakati ananihitaji? Nampenda sana, lakini siku hizi nikiona jina lake kwenye simu moyo unazama.

Mchovu wa Skrinshoti

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na hilo neno lililokuchoma, wivu. Lilikuwa neno baya, na wewe hukustahili kutupiwa. Lakini tazama lilikotoka. Rafiki yako anaamini huna mtu kwa sababu wewe ndiye uliyemwacha aamini hivyo. Umemficha habari kubwa kuliko zote ulizonazo mwaka huu, halafu unaumia kwamba anakuhukumu kama mtu asiyeijua habari hiyo. Sisemi ulikuwa na nia mbaya. Barua yako yote ni ya mtu mwenye huruma. Ila huruma hiyo imemfanya rafiki yako wa tangu shuleni kuwa mtu anayejua mambo yako machache kuliko mnaofanya nao kazi.

Kuna sentensi moja kwenye barua yako niliyoirudia: "sina hata cha kusimulia." Mwanaume akisema atapiga, anapiga. Mwanangu, hiyo ndiyo habari! Lakini naelewa kwa nini kwako haionekani kuwa habari. Kwa muda mrefu nyinyi wawili mmekuwa mkiongea kwa lugha ya mafumbo: amesoma, hajajibu, ameweka nukta, hajaweka moyo. Mwanaume anayeeleweka hana nafasi katika mazungumzo hayo. Aliyesema atafika saa kumi na mbili akafika saa kumi na mbili, mtamchambua nini? Mwanaume asiyeeleweka, huyo ana kazi za usiku kucha. Hivyo bila nyinyi kukusudia, urafiki wenu umekuwa unaishi kwa mkanganyiko wa mtu mmoja. Akitulia yeye, nyinyi mnakosa la kuongea, ndiyo maana wakiwa na amani humsikii. Na furaha yako, kwa kuwa haina mkanganyiko, haikupata hata dakika ya kutajwa.

Nikuonyeshe jambo lingine. Nimesoma barua yako mpaka mwisho na sijui rafiki yako anafanya kazi gani. Sijui anaogopa nini, anapenda nini, nini kinamchekesha siku hizi. Ninachojua ni saa ngapi mwanaume fulani alikuwa mtandaoni. Kama hivyo ndivyo unavyomwona nawe, basi wote wawili mmepoteana, si wewe peke yako uliyesahaulika.

Usidhani haya ni ya kwenu tu. Zamani kidogo rafiki alikuwa na kazi tofauti katika mapenzi ya mwenzake. Yeye ndiye aliyewakutanisha. Michael Rosenfeld na wenzake, waliochapisha utafiti wao mwaka 2019, waliwafuatilia wapenzi wa mwanamke na mwanaume nchini Marekani, wakakuta kwamba mwaka 1995 kiasi cha asilimia 33 walikuwa wamekutanishwa na marafiki. Kufikia mwaka 2017 walikuwa asilimia 20, na waliokutana mtandaoni walikuwa asilimia 39. Marekani si dunia nzima, lakini naamini sura ya jambo hili unaitambua.

Sasa fikiria tofauti yake kwako. Rafiki aliyekukutanisha na mwanaume alikuwa anamjua. Alijua akikopa hurudisha au hapana, alijua alivyomtendea yule wa kabla yako, na mwanaume naye alijua kwamba akikufanyia ubaya kuna watu atakaowaonea haya. Wewe hukupewa nafasi hiyo. Umeletwa baada ya mambo kuanza, ukapewa picha za maneno kwenye kioo cha simu, kisha ukaulizwa moyo wa mtu usiyemjua uko wapi. Hakuna awezaye kujibu. Nami ningeletewa hizo skrinshoti zote nisingeweza. Swali la "anamaanisha nini" linajibiwa na mtu mmoja tu, aliyeandika, na rafiki yako anakuuliza wewe kwa sababu anaogopa kumuuliza yeye. Kila unapomjibu, unamsaidia asimuulize.

Na hizo meseji unazomtungia, acha leo. Hilo sikupi muda wa kulifikiria. Huyo mwanaume kwa karibu mwaka amekuwa akichati na wewe. Akisifia jibu, amesifia maneno yako. Akijibu kwa upole, amekuwa mpole kwa sauti yako. Rafiki yako hajapata nafasi ya kujua mtu huyu anamchukuliaje yeye, kwa maneno yake mwenyewe, yale anayosema hana. Anayo. Atayaandika vibaya mara ya kwanza, yatakuwa mafupi au makali kupita kiasi, na huenda kwa hayo mabaya akapata jibu la kweli ambalo mashairi yako yamelizuia.

Sasa huo moyo kuzama. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Amanda Rose alieleza tabia ya marafiki kuyarudia matatizo yaleyale kwa maongezi, kuyapindua, kuyakisia, kuyakalia. Aliwachunguza watoto na vijana wa shule, na akakuta mambo mawili yanakwenda pamoja: wanaoongea hivyo wanajisikia karibu zaidi, na pia wana huzuni na wasiwasi zaidi. Aliporudi na wenzake mwaka 2007 kuwafuatilia vijana kwa miezi sita, kwa wasichana ilikuwa vilevile: ukaribu unapanda, huzuni nayo inapanda. Nyinyi mmeshapita umri huo, lakini nadhani unajiona hapo. Ndiyo maana huwezi kuamua kama urafiki huu ni mzuri au ni mbaya. Ukaribu mnaousikia ni wa kweli. Uzito mnaousikia nao ni wa kweli, na vyote vinatoka kwenye mazungumzo yaleyale. Kwa hiyo ukiacha kuchambua hujamtupa. Naye huo uchambuzi unamlemea, ila anauona kama msaada kwa sababu unampa faraja ya usiku mmoja.

Utafanyaje? Utakuwa na mazungumzo mawili, na nakusihi usiyaweke siku moja. La kwanza ni habari yako. La pili ni meseji. Ukiyasema pamoja atasikia kitu kimoja tu: nimepata wangu, wa kwako sina muda naye. Hata ungepanga maneno vipi, hivyo ndivyo atakavyosikia, na nisingemlaumu.

La kwanza lifanyike mkiwa mnatazamana, au kwa kupiga simu kama mko mbali. Usilifanye kuwa jibu la ule wivu. Usianze na "wewe ulisema sina mtu." Mwambie hivi, au kwa namna yako: "Kuna jambo nimelikaa nalo muda mrefu na sipendi kwamba wewe hulijui. Nina mtu. Nilitaka kukwambia mwanzoni, nikaona uko kwenye maumivu, kisha nikashindwa kuanza. Nisamehe kwa kukuacha nje." Halafu nyamaza. Usiharakishe kusema "lakini si jambo kubwa", usimpunguze mtu wako ili yeye asiumie. Ukimpunguza atajua, na atajua pia kwamba umemwona kuwa mtu wa kuonewa huruma.

Anaweza kuumia, na huenda kitakachomuumiza zaidi ni kujua kwamba dada yako na wenzako walitangulia kujua. Akilia au akikasirika, ana haki. Mpe siku zake. Kuna utafiti wa Shelly Gable na wenzake wa mwaka 2006 uliowaangalia wapenzi, ukaonyesha kwamba namna mtu anavyoipokea habari njema ya mwenzake inaeleza afya ya uhusiano wao zaidi hata ya namna anavyoipokea habari mbaya. Ulihusu wapenzi, lakini mimi naliamini hilo hata kwa marafiki. Nyinyi mmejaribiwa sana kwa machozi na mkafaulu. Kwa furaha hamjajaribiwa kabisa, kwa sababu wewe uliamua kwa niaba yake kwamba hataiweza. Mwache aamue mwenyewe. Huenda akauliza jina, akauliza mlikutana wapi, akataka kumwona. Huenda asiulize kitu mpaka wiki ipite. Mtazame baada ya hiyo wiki, usimhukumu kwa uso wa dakika ya kwanza.

Mazungumzo ya pili yasubiri siku ambayo hakuna ugomvi kati yake na huyo mwanaume, maana mtu aliyeachwa na tiki za bluu usiku huo hawezi kusikia mipaka ya mtu mwingine. Sema lako, usiseme la mwanaume: "Nimegundua nikisoma meseji zake nakuwa mzito, na sikusaidii. Sitazisoma tena, wala sitakuandikia majibu. Lakini nipigie uniambie wewe unajisikiaje, hilo nataka kulisikia." Umeona tofauti? Unamfungulia mlango wa kuongelea moyo wake, unaufunga ule wa kukisia moyo wa mtu mwingine.

Atatuma tena. Usikasirike, ni mazoea. Usijibu yaliyomo kwenye picha. Ukipata nafasi mpigie, umuulize habari ya siku yake, kisha umuulize swali ambalo sidhani limewahi kuulizwa katika mwaka huu wote: "Wewe unataka nini?" Mtu anayejua anataka mume, au anataka wa kutoka naye tu, au anataka kuitwa mpenzi mbele za watu, anaweza kwenda kumwambia mwanaume na kupata ndiyo au hapana. "Twende taratibu" ya karibu mwaka mzima ni jibu la mtu ambaye hajawahi kuulizwa sawasawa, au aliyeulizwa kwa maneno mazuri mno yaliyomwachia njia ya kukwepa.

Na ile "hakutaki" uliyomwambia, usiirudie. Ulishaisema, ameisikia, na inawezekana ni kweli. Ukiisema mara ya pili atalazimika kumtetea, na mtu akishamtetea mwanaume kwa sauti anajifunga kukaa naye ili asionekane alikosea. Baya zaidi, siku atakapoachana naye, ataona haya kurudi kwako, maana wewe ulishasema. Mwachie njia ya kurudi isiyo na aibu.

Kuna mahali ninapokwambia kinyume cha haya yote, na nisikilize vizuri. Kama mwanaume huyo anamtisha, anampiga, anamshurutisha kimwili, anamwomba pesa kwa visa visivyoisha, anatishia kusambaza picha zake za faragha, au anamkataza kuonana nawe na ndugu zake, basi skrinshoti hizo zisome, zitunze, na umshauri naye azitunze bila kufuta, kwa sababu zinaweza kuwa ushahidi. Hapo huna haja ya kuchagua maneno laini. Vivyo hivyo kama siku moja ataachana na huyu na kwenda kukutana na mtu mpya wa mtandaoni: ajue anaweza kukutumia jina la mtu huyo, mahali wanapokutana pa watu wengi na saa anayotarajia kuondoka, na wewe utashika simu. Hiyo ndiyo kazi halisi ya rafiki katika mapenzi ya siku hizi, na ni kazi ambayo mtu aliyechoshwa na uchambuzi wa emoji huishia kuikosa, kwa sababu ameshazoea kutofungua meseji.

Nimeulizwa pia kama uuache urafiki ufe. Sioni sababu bado. Hujawahi kumwambia umechoka mpaka siku ulipolipuka, na hujawahi kumpa nafasi ya kukufurahia. Jaribu haya mawili kwanza. Ukiyafanya kwa upole na yeye akaendelea kukutaka kwa ajili ya meseji tu, au akaipokea furaha yako kwa kejeli mwezi baada ya mwezi, basi punguza. Kupunguza si kugombana: ni kuonana mara chache, kwa mambo mengine, bila matangazo. Na kwa sasa tafuta siku ya kuwa naye msiongelee mwanaume yeyote, wako wala wake. Mlikuwa na maisha kabla ya hizo programu. Muulize kazi yake inaendaje, na umsikilize kwa makini uliouweka kwenye zile nukta.

Ila habari yako usiichelewe. Dada yako anajua, kazini wanajua, na habari za namna hii hazikai. Mwambie wiki hii, kabla hajaisikia kwa mtu mwingine. Na tafadhali, usimwandikie. Mpigie.

Anti